Hivi vipindi vya wanyama kwenye TV vinasaidia kweli?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi naishi Mugumu, wilaya ya Serengeti. Mwanangu akiwekewa kipindi cha simba na nyumbu hata chakula anasahau. Nikawa nawaza, hivi vipindi vimewahi kuokoa mnyama hata mmoja au ni burudani ya watu wa mbali tu? – Baba wa mtoto, Mugumu

JIBU: Salama kabisa ndugu yetu. Vimesaidia, tena mfano mkubwa uko hapo hapo kwenu.

Kulikuwa na Mjerumani, Profesa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa zuu ya Frankfurt, mwaka 1956 akaanzisha kipindi cha TV. Enzi hizo Ujerumani Magharibi chaneli ilikuwa moja tu, so akitokea yeye nchi nzima inamwangalia yeye. Anakaa mezani na suti yake, pembeni kaleta mnyama mzima mzima, labda duma au nyani, mzee anaongea taratibu kama hakuna kitu, halafu anaomba michango ya kulinda wanyama na watu wanatuma kweli, na hela nyingine zikafika mpaka Serengeti. Kuna siku alitangaza kwamba safari za bei nafuu za kuja Afrika Mashariki zipo wakati hazipo, watazamaji wakawaulizia mawakala mpaka zikaandaliwa!

Yeye na mwanae Michael walikuja na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakahesabu wanyama kutokea angani. Nyumbu hawakufika laki moja, leo wanazidi milioni, ila hapo sifa zote usiipe TV maana kuisha kwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa unaua na nyumbu, ndo kulikowaongeza zaidi. Januari 1959 ndege iligongana na tai ikaanguka, Michael akafa ana miaka 24. Filamu yao, Serengeti Shall Not Die, ikapata Oscar 1960. Baba na mwana wamezikwa pamoja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Lakini kuna kitu kinaniuma. Mwaka huo huo 1959 Wamasai waliokuwa wanachunga ndani ya hifadhi walihamishwa, na Grzimek mwenyewe alitaka mbuga isiyo na watu. Mtu wa Frankfurt akaipenda Serengeti bila kumjua anayelala macho shambani kufukuza tembo. Ndo maana nafurahi sana nikiona vipindi kama Wildlife Warriors vya Dkt. Paula Kahumbu wa Kenya, ambapo Waafrika wanaolinda wanyama wanaongea wenyewe na watazamaji ni sisi wenyewe.

Kwahiyo mwache aangalie, ila kaa naye umweleze yale ambayo kamera haikuonyesha, hayo unayajua wewe kuliko mtangazaji. Na likizo ikifika mpeleke akawaone laivu, Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi na ni nafuu mno kuliko anacholipa mgeni.