Meneja anataka uvue hijabu dukani

Pole dada. Umesema umepata kazi duka la nguo huko Ohio, na meneja kakwambia uvue hijabu, la sivyo ukapange mizigo stoo ili wateja wasikuone. Hilo la stoo ndilo limenikera zaidi.

Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya 1964 inambana mwajiri yeyote mwenye wafanyakazi 15 na kuendelea. Lazima akuachie ufuate dini yako, isipokuwa athibitishe kwamba biashara itabeba mzigo mkubwa. "Wateja hawapendi" si mzigo, na kukuficha nyuma kwa sababu hiyo ni ubaguzi uleule. Binti Mwislamu, Samantha Elauf, alinyimwa kazi duka la nguo la Abercrombie huko Tulsa, Marekani, mwaka 2008 kwa ajili ya mtandio wake. 2015 Mahakama ya Juu ikaamua upande wake, majaji 8 kwa 1.

Usibishane naye kaunta. Mwandikie barua pepe, mistari miwili tu: "Navaa hijabu kwa sababu ya dini yangu. Naomba kuendelea kuivaa kazini." Kama sare ni nyeusi, jitolee kuvaa mtandio mweusi, ombi la rangi si la kugombana nalo. Nakala itunze kwenye simu yako, si kompyuta ya duka.

Akishikilia, peleka malalamiko EEOC, tume ya serikali ya Marekani inayoshughulikia ubaguzi kazini. Ni bure. Muda wa kuyapeleka ni siku 180 tangu ubaguzi utokee, na kwa Ohio unafika 300, lakini usingoje. Na barua ya kuacha kazi usiiandike kwanza.