Fundi Anajibu: Nafasi ya supapu

Swali: Prado yangu ya mazuti, moteri 1KZ-TE yenye turbo, inawaka kwa shida asubuhi. Zamani supapu zilikuwa zinagonga kidogo, sasa kimya. Je, nimepona? — Msomaji, Katindo, Goma

Jibu: Hapana, ndugu, kimya hicho ndicho cha kuogopa. Supapu ikizama kwenye kiti chake, nafasi, yaani upenyo kati yake na kamu (chuma kinachozunguka na kuisukuma), inapungua, mwishowe supapu haifungi sawasawa: mgandamizo unavuja, na supapu ya moshi inaungua. Penye turbo moshi ni mkali zaidi, kwa hiyo anza kushuku huko.

Pima moteri ikiwa baridi kabisa, imelala usiku mzima. Supapu za hewa: milimita 0.20 hadi 0.30. Za moshi: 0.40 hadi 0.50. Leta pistoni ya 1 juu, kwenye mgandamizo, upime za hewa za 1 na 2, na za moshi za 1 na 3. Zungusha krankshafti duara moja kamili, umalize zilizobaki.

Hapa hakuna skrubu ya kukaza; unabadilisha kisahani kilicho juu ya kikombe cha supapu. Kipime kwa mikrometa, usiamini namba iliyoandikwa, huenda kisahani kimelika. Supapu ya moshi yenye nafasi 0.30 na kisahani chenye unene wa 2.90 inahitaji cha 2.75, ndipo upate 0.45. Usisage kisahani kwenye mashine ya kunolea: uso mgumu unaondoka, kamu inakila.

Nafasi zikiwa sawa na bado haiwaki vizuri, kagua plagi za kupasha joto.