Kisima kinakauka Oktoba: pima maji kwanza, kuongeza kina baadaye

Mkuu, umeuliza kama kisima cha nyumbani kwenu upande wa Makambako, ambacho siku hizi kinakauka kila Oktoba, kiongezwe mita kumi kama fundi alivyoshauri. Mimi niko Wanging'ombe na kisima cha mzee wangu kimepitia hayo hayo. Usimlipe fundi bado.

Sehemu kubwa ya Njombe na Iringa imekaa juu ya miamba migumu ya kale. Maji ya visima vyetu vifupi yanakaa kwenye udongo na mwamba uliooza, juu ya mwamba mzima. Ukishagonga mwamba mzima, unaweza kubahatisha ufa wenye maji, la sivyo umelipia shimo kavu. (Ndugu zetu wa Tukuyu, wenye ardhi ya volkano na mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, habari yao ni nyingine.) Huku msimu wa mvua ni mmoja, na kilichozama ardhini kufikia Aprili ndicho tutakachokunywa hadi mvua zirudi.

Kwa hiyo pima. Chukua kamba isiyovutika, funga nati nzito mwishoni, piga fundo kila nusu mita. Pima alfajiri kabla ndoo ya kwanza haijashuka, maana mchana utakuwa unapima uchotaji wa watu. Shusha taratibu hadi usikie nati imegusa maji, bana kamba usawa wa mdomo wa kisima, vuta, hesabu mafundo, andika kwenye daftari. Fanya hivyo kila mwezi. Siku nyingine pima baada ya watu kuchota sana, uone maji yanachukua muda gani kurudi. Yakirudi baada ya saa chache, maji bado yapo, ila mnachota haraka kuliko yanavyoingia: gaweni zamu. Lakini kama hata alfajiri yanazidi kushuka mwaka hadi mwaka, tatizo liko bondeni na mlimani.

Kwetu ilikuwa milingoti. Watu waliipanda hadi kwenye vinyungu (bustani za mabondeni) kwa sababu nguzo zina soko, na siwalaumu, ada za watoto zimetoka humo. Ila mti ule hauna msimu wa kupumzika, unakunywa kiangazi chote. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa, lakini sheria peke yake haikung'oa hata mti mmoja. Kilichong'oa ni vikao vya kitongoji, na vilikuwa vikali. Tulikubaliana iliyokomaa ivunwe na mwenyewe achukue pesa yake yote, kisha ipandwe mivengi, miti ya asili. Visiki simamieni sana, vinachipua upya. Huko juu tulichimba makingamaji, yaani mitaro ya kukata mteremko wa mashamba ya mahindi. Maji mekundu yaliyokuwa yakikimbilia barabarani sasa yanasimama mtaroni na kuzama. Kisima bado kinashuka kiangazi, ila Oktoba kamba inatoka imelowa.

Na mabati msiyaache. Paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 10 tu linatoa karibu lita 500. Mkiwa na tangi, kisima kinapumzika Desemba hadi Aprili.

Haya si ya kwetu peke yetu. Maji ya upande huu yanateremka bonde la Usangu kwenye mpunga na ardhi oevu ya Ihefu, kisha Ruaha Mkuu, mto ambao tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Ukipima na bado ukaona kina kinahitajika, chimba mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa. Pampu ya petroli isishushwe kisimani kukiwa na mtu, moshi wake unaua. Ukiamua kisima kirefu cha mashine, kibali kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ofisi zao ziko Iringa. Vipimo vyako viweke hapa tuvisome pamoja, na useme bonde lenu limepandwa nini.