Mifupa inayopigana panga: kwa nini bado tunairudia?

*Safu ya wasomaji: maswali yenu kuhusu muvi*

SWALI: Salamu sana mzee wa safu. Mi ni baba wa watoto watatu hapa Arua. Juzi niliwawekea watoto Jason and the Argonauts, ile muvi ya 1963 niliyoiona kwenye kibanda cha video nikiwa darasa la tano. Wale wakubwa wawili wakacheka, ati mifupa inatembea kama toi, wakarudi kwenye simu zao. Ila yule mdogo wa miaka saba alikaa mpaka mwisho, na kesho yake akaniomba nirudishe "pale pa mifupa". Sa nauliza, huu utamu uko kwenye muvi yenyewe au ni mimi tu nakumbuka utoto wangu?

JIBU: Baba, huyo mdogo ameshakujibu. Yeye hana utoto wa kukumbuka, bado yumo ndani yake, na hajui kama hiyo muvi ni ya zamani. Ameona kitu, kikamshika, akataka kukiona tena.

Utoto nao upo, sikatai. Mi mwenyewe niliiona kwenye kibanda kimoja Kampala, benchi la mbao lisilo na mgongo, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia jua, jenereta inanguruma nje na VJ anatafsiri Kiganda juu ya sauti za wazungu. Na VJ unamjua, hanyamazi, hata watu wakibusiana ana la kusema. Lakini pale meno ya lile joka yalipotupwa ardhini, udongo ukaanza kupasuka, mfupa mmoja ukachomoza na upanga na ngao mkononi, halafu mwingine, halafu mwingine, yule VJ alinyamaza na kibanda kizima kikanyamaza. Mifupa ikajipanga, ikainama kidogo, ikaanza kusogea taratibu, hatua moja, hatua nyingine, kisha ikapiga ukelele ikakimbia. Nimeona maelfu ya majini na mazimwi kwenye skrini tangu siku ile na sikumbuki hata nusu yao, ila hiyo mifupa naweza kukuchorea sasa hivi.

Aliyefanya kazi hiyo ni Ray Harryhausen, Mmarekani aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1920 na kufariki London mwaka 2013. Viunzi, yaani hiyo mifupa inayotembea, vilikuwa saba, vinapigana na watu watatu. Kila kimoja ni kidoli kidogo, ndani kina chuma chenye viungo vinavyokunjika, na yeye mwenyewe peke yake alikuwa anasogeza mkono kidogo, mguu kidogo, kichwa kidogo, kwa vyote saba, anapiga picha moja, halafu anaanza tena. Sinema inataka picha 24 kwa sekunde moja. Kuna siku alimaliza picha 13 tu, yaani tangu asubuhi mpaka jioni amepata nusu sekunde na kidogo! Pigano lile la dakika chache lilimla miezi minne na nusu, na kiunzi kimoja kati ya vile saba alikitoa kwenye muvi yake ya 1958, The 7th Voyage of Sinbad, hakukitupa.

Sa mi naona utamu uko hapo. Kile kidoli kilikuwepo kweli mezani, taa ikakimulika kweli, na kuna mtu alikitazama usoni kabla ya kila picha akajiuliza, huyu sasa anawaza nini? Muvi za leo zinakuletea majitu elfu kumi kwa mpigo na kompyuta inafanya vizuri sana, sina ugomvi nayo, lakini katika hao elfu kumi hakuna hata mmoja aliyewahi kutazamwa peke yake siku nzima.

Muulize huyo mwanao mdogo kama anamkumbuka Talos, lile jitu la shaba kwenye muvi hiyohiyo. Limepiga goti juu ya nguzo kubwa, limetulia kama sanamu, watu wawili wanaiba hazina chini yake. Halafu kichwa kinageuka. Basi, kichwa tu, polepole, na chuma kinalia kriii, na macho hayana mboni lakini unajua kabisa yanakutazama wewe. Baadaye Jason, shujaa wa muvi, anafungua kizibo kwenye kisigino, maji ya uhai wake yanamwagika na jitu linajishika koo, linayumba, mwili unapasuka nyufa. Mi nilimwonea huruma, na kibandani sikuwa peke yangu, mama mmoja nyuma yangu alisema "masikini". Sanamu la shaba, na linalia hivo. Huo ni uigizaji, ndugu yangu, ila mwigizaji amejificha nyuma ya meza.

Wanao wakubwa wanasema inatembea kama toi, na hawajakosea. Mtu akikimbia mbele ya kamera, kila picha inatoka na ukungu kidogo kwa sababu anasogea wakati anapigwa. Kidoli kimesimama tuli wakati kinapigwa, kila picha inatoka safi kama kioo, ndo maana jicho linaona kama kinarukaruka. Kwa mnyama tunayemjua, tuseme farasi, mruko huo unasumbua kweli. Lakini mifupa? Sanamu? Kitu ambacho hakikutakiwa kuwa hai kinapaswa kutembea vilevile, kama kinajilazimisha. Wakifanya tena mifupa hiyo ikatembea laini kama maji, mi sitaogopa.

Na kuna jambo lingine ambalo sisi tuliolelewa na hadithi tunalipata haraka. Sindibadi baharia si mgeni kwetu, ni wa Alfu Lela Ulela. Kwenye hiyo muvi ya 1958 kuna jitu la jicho moja linamfunga baharia kwenye mti, linambanika juu ya moto, kisha linalamba midomo. Hilo ni zimwi la bibi kabisa, lile la jioni kando ya jiko! Bibi naye alikuwa analamba midomo akifika hapo.

Hao wakubwa wasilazimishwe. Mrudishie mdogo pale pa mifupa mara nyingi anavyotaka, sauti iwe juu, muziki wa Bernard Herrmann, aliyeitungia muvi hiyo, unastahili.

SWALI: Mzee, nabishana na jirani yangu hapa Mbale. Yeye anasema ile mifupa ya Jason and the Argonauts ni watu wamevaa nguo nyeusi zilizochorwa mifupa. Mi nasema ni vidoli. Lakini akiniuliza watu wazima wamepiganaje na vidoli vidogo hivyo nakosa jibu. Nisaidie.

JIBU: Umeshinda, ni vidoli. Kwanza waigizaji walifanya mazoezi na watu wa kweli walioshika nafasi ya mifupa, wakakariri kila pigo kama ngoma. Halafu hao watu wakatolewa, waigizaji wakarudia pigano lote peke yao mbele ya kamera, wanapiga hewa, na upanga inabidi usimame mahali palepale ambapo baadaye kutakuwa na upanga wa mfupa. Hiyo peke yake ni kazi.

Kisha Harryhausen anaingia chumbani kwake. Filamu ya wale watu inaonyeshwa kwenye skrini ndogo kutokea nyuma, picha moja inasimama, yeye anaweka kidoli mezani mbele ya skrini, anakilinganisha na upanga wa mtu, anapiga, anapeleka mbele picha nyingine. Mbele kabisa anaweka kioo kilichopakwa rangi nyeusi kuziba ile sehemu ya chini, tuseme ardhi na mawe, ili isiingie kwenye filamu. Akimaliza anarudisha filamu nyuma na kupiga tena ile sehemu iliyozibwa tu. Ndo maana unaona jitu linasimama katikati, mlima uko nyuma yake na jiwe liko mbele yake, yaani limo ndani ya dunia ya watu. Njia hiyo waliiita Dynamation. Mwambie jirani akununulie rolex mbili, zile chapati za mayai.

SWALI: Anko, mi niko sekondari Jinja, nina simu tu na hamu. Naweza kufanya stopumosheni, ile ya kusogeza kidoli na kupiga picha mojamoja, bila pesa?

JIBU: Unaweza binti yangu. Harryhausen alikuwa na miaka 13 alipoiona King Kong ya 1933, akarudi nyumbani akaanza kwenye gereji ya wazazi. Dubu wake mmoja wa mwanzo alivalishwa manyoya ya koti kuukuu la mama yake, na baba yake, fundi wa mashine, ndiye aliyemtengenezea vile vyuma vya ndani ya vidoli.

Wewe chukua waya laini, uukunje mara mbili uwe kama mtu, kisha uuzungushie maganda makavu ya mgomba yale tunayofungia mipira na wanasesere. Miguu ibane na pini kwenye boksi gumu isiteleze. Simu iweke juu ya matofali na uifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ikisogea hata unywele kazi imeharibika. Funga fokasi na mwangaza, tumia taima ili usiiguse. Dirisha lifunike, jua linatembea na picha zitapepesa, na usitegemee balbu ya ukutani maana umeme ukikatika katikati umeanza upya, tafuta taa ya sola iliyojaa chaji. Vaa nguo nyeusi usiakisi mwanga.

Picha 12 kwa sekunde zinakutosha, na kuna apu za bure za kuziunganisha. Usianze na pigano. Fanya sekunde tatu tu, picha 36, mtu wako wa mgomba amekaa kimya, kisha anageuza kichwa kutazama kitu.