Kupima mgandamizo wa kiti, Moshi

Ndugu, umeuliza wapi kaka yako aliyeumia uti wa mgongo atapimwa jinsi kiti chake cha magurudumu kinavyomgandamiza makalio. Mpeleke KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, aende na kiti na mto wake wa kila siku. Ulizeni fiziotherapia, au TATCOT palepale, chuo cha mafundi wa viungo bandia na viti vya magurudumu. Aliyeumia uti wa mgongo anaweza asisikie maumivu ya kukalia, ndiyo maana lazima apimwe. Mashine si lazima: kwa mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani), mpimaji huingiza ncha za vidole chini ya mfupa wa kalio, kushoto na kulia. Vidole vikichezeka juu na chini milimita 5 au zaidi, salama. Vikibanwa sana, mto haufai. Ila kama kuna kidonda, au ngozi ina joto na ugumu (kwetu sisi weusi, wekundu wa ngozi hauonekani vizuri), asipakalie, aonwe na daktari kwanza.