Jibu: Kuchonga boksi za besi za inchi 18 kwa ajili ya bendi

Mkuu, umeuliza kama boksi za kuchonga mwenyewe zitapiga sawa na za dukani. Zitapiga, ila usianze na msumeno. Anza na karatasi ya vipimo vya spika yenyewe. Ujazo wa boksi na urefu wa tundu la hewa vinatoka humo, si kwa kunakili boksi la jirani. Uzi mnene wa gitaa la besi unatoa hezi 41 hivi (yaani mitetemo 41 kwa sekunde), kwa hiyo mimi urefu wa tundu huulenga livume kwenye hezi 40.

Tumia plaiwudi ya milimita 18. Chipubodi achana nayo, ikinyeshewa mara moja kwenye pikapu inavimba kama andazi. Ndani weka mihimili! Boksi langu la kwanza sikuweka. Ukiligonga ubavuni kwa ngumi linalia kama debe, na harusini besi yote ikawa mvumo mtupu. Viungo vyote gundi na skrubu, hewa isivuje.

Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata omu 4, angalia amplifaya yako inazimudu. Halafu kata sauti za chini ya hezi 35, maana huko koni, ule uso wa spika unaotetemeka, inacheza bila breki hadi koili, waya uliozungushwa nyuma yake, inagonga.