Wetu Akichochea, Wao Wakichochea

Mbunge wetu akifungua mdomo ni mchochezi. Wao wakisema yale yale, ni "siasa tu". Haki iko wapi? (Msomaji, Nakuru)

Ungeniuliza Juni 2016 ningekubishia. Wabunge wa Jubilee, chama kilichotawala Kenya wakati huo, na wa Cord, muungano wa upinzani, walilazwa seli za polisi za Pangani, Nairobi, kwa tuhuma za matamshi ya chuki, na bado mashabiki wa kila upande waliapa kwamba wao tu ndio walioonewa. Kwa hiyo si kila kilio cha ubaguzi nakiamini.

Lakini Januari 2022 Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, alisimama jukwaani Eldoret akawataka watu waondoe "madoadoa". Bonde la Ufa neno hilo lina makaburi nyuma yake: miaka ya tisini waliitwa hivyo majirani wa kabila jingine waliofurushwa. Akakamatwa. Mwaka haujaisha, akawa Waziri wa Kilimo! Hapo malalamiko yako yana uzito. Kukamata mtu mbele ya kamera ni kazi ndogo; anayelindwa utamjua ukifuatilia faili lake miezi sita baadaye.

Kumchora Rais akiwa jenezani nako ni uhuru wa kusema? Hawa vijana hawana adabu. (Mzazi, Eldoret)

Adabu hawana, mzazi mwenzangu. Picha zile za mwishoni mwa 2024 hata mimi zilinichukiza. Ila Ibara ya 33 ya Katiba imetaja isichokilinda: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na kueneza uhasama. Kumuudhi mkubwa hakumo. Tena mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kudunisha mamlaka ya afisa wa umma. Anayeona pana kosa aende mahakamani. Vijana kadhaa waliotekwa Desemba ile baada ya kumkejeli Rais mitandaoni walirudi kwao Januari bila kumwona hakimu yeyote.

Na tukumbushane. Aprili 2022, NCIC, tume ya uwiano na utangamano wa kitaifa, ilipotia "hatupangwingwi" (yaani hatupangiwi na mtu) kwenye orodha ya maneno ya chuki, waliokuwa wakilitamba katika mikutano ya Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, walilia kwamba wanazibwa midomo. Kilio chao kilikuwa cha haki. Walipoingia Ikulu, katuni zikaanza kuwauma.

Basi NCIC ivunjwe? (Msomaji, Kisumu)

La. Iliundwa kwa sheria ya 2008, baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,100. Orodha za maneno tu ndizo ningezitupa. Mchochezi hakosi neno jipya.

Wewe ni wa mrengo gani? (Msomaji, Thika)

Chukua kwanza ile kauli iliyokukera mwezi huu. Futa jina la aliyeisema, weka la kinara wako. Bado unataka akamatwe? Niandikie jibu lako, nami nitakutajia mrengo wangu.